Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi na Afisa Elimu: Nguvu Tunajitolea, Mamlaka Hatuna

Kwa:
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Ndugu Afisa Elimu Sekondari.

YAH: UENDESHAJI WA MASHINDANO YA ROBOTI YA SHULE ZA SEKONDARI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya watu wa kujitolea tunaoendesha mashindano ya roboti ya shule za sekondari katika halmashauri hii. Wamo walimu wa fizikia na hisabati, vijana wa chuo cha ufundi, fundi simu mwenye kibanda sokoni, mama mhasibu aliyestaafu anayetunza jedwali la alama, na mimi mratibu wao. Hakuna anayelipwa, na hakuna anayedai kulipwa. Malalamiko haya tuliyaleta kwanza kwa njia ya kawaida: kwa mdomo, kisha kwa barua iliyopokelewa masijala na kugongwa muhuri, kisha kwa barua ya kukumbushia. Jibu tulilopewa ni kwamba suala linafanyiwa kazi. Muhula umekwisha, mwingine unakaribia, na kilichofanyiwa kazi hatujakiona. Kwa hiyo tunaandika hadharani, kwa heshima ileile, ili wazazi na walimu nao wasome.

Kabla ya malalamiko, nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana nahisi picha inayofika ofisini ni ya siku ya kilele tu: meza kuu, kipaza sauti na kombe. Tunashindanisha roboti kwa namna mbili. Ya kwanza ni kufuata mstari mweusi uliobandikwa kwa tepu juu ya ubao mweupe, tangu mwanzo hadi mwisho, bila mtu kuigusa roboti. Ya pili ni sumo ndogo, mchezo ulioanzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1980: roboti mbili zinasukumana ndani ya duara, na itakayotolewa nje imeshindwa. Sumo ndogo tuliichagua kwa makusudi kwa sababu ni ya watu wa kipato chetu. Roboti haizidi gramu 500, inatosha ndani ya mraba wa sentimita 10 kwa 10, na uwanja wake ni duara jeusi la kipenyo cha sentimita 77 lenye ukingo mweupe. Mwamuzi akiruhusu, roboti inasubiri sekunde 5 kisha inajiendesha yenyewe. Rimoti hairuhusiwi. Kila kinachotokea kimeandikwa na mwanafunzi ndani ya programu.

Mota zinatolewa kwenye printa mbovu. Tairi nyingine ni vifuniko vya ndoo vilivyovishwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bodi moja ya Arduino, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza roboti, inatumiwa na klabu nzima kwa zamu. Jumamosi zetu zimekwenda huko, na hatuzijutii hata kidogo, kwa sababu tumeona mwanafunzi aliyekuwa hainui mkono darasani akisimama mbele ya waamuzi na kueleza kwa nini roboti yake inageukia kushoto kwanza. Kinachotuuma ni yafuatayo.

1. Mashindano hayana tarehe, na barua ya ruhusa huja mambo yakiwa yameshaharibika.

Michezo ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari ina nafasi yake katika mwaka wa shule. Mwalimu wa michezo anajua aanze mazoezi lini, na mkuu wa shule anajua wanafunzi wake watakuwa wapi. Sisi kila mwaka tunaanza kwa kuuliza, na tunaambiwa tusubiri. Mwaka huu tarehe ilitajwa, ikasogezwa, ikasogezwa tena, mwisho ikaangukia wiki ambayo kidato cha nne walikuwa kwenye mitihani ya utamilifu. Wakubwa wa karibu kila klabu wakawa wamekwenda hivyo.

Mkuu wa shule hawezi kumtoa mwanafunzi siku ya masomo bila kibali cha ofisi yenu, na ni haki asiweze. Lakini kibali hicho kilisainiwa mchana wa siku iliyotangulia mashindano. Shule za mjini zilipigiwa simu zikafika. Shule za kata za mbali, ambazo wanafunzi wake walitakiwa kupanda gari alfajiri, zilipata habari wakati gari lenyewe limeshaondoka. Ipo klabu moja ya wasichana iliyokuwa imemaliza roboti yake mapema, imeipima uzito, imeipa jina, na wazazi wameshachanga nauli. Haikuja. Kwenye hotuba ya ufunguzi tulisikia kwamba Halmashauri inahamasisha watoto wa kike kusoma sayansi. Tunaomba wasaidizi wenu wawatafute wasichana wale na kuwaeleza kwa nini kiti chao kilikuwa kitupu.

2. Ukumbi tuliokuwa tumepewa ulichukuliwa, na jua likaharibu kazi ya muhula mzima.

Hapa naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu nadhani ofisini lilionekana jambo dogo. Asubuhi ya mashindano tuliambiwa ukumbi una kikao, sisi tuhamie kwenye turubai uwanjani. "Si kivuli kipo?" aliuliza mtumishi mmoja, na naamini aliuliza kwa nia njema.

Roboti ya kufuata mstari haina macho kama yetu. Chini yake kuna vihisi vidogo vinavyotoa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho ya binadamu. Miale ikigonga rangi nyeupe inarudi kwa wingi. Ikigonga nyeusi inamezwa. Kwa kupima kilichorudi, roboti inajua kama iko juu ya mstari au nje yake. Jua nalo limejaa infraredi. Linapopenya pembeni mwa turubai na kuangukia ubao, kihisi kinapokea miale ya jua pamoja na ile yake, na hakina namna ya kuitenganisha. Kila kitu kinaonekana cheupe. Mstari unapotea.

Ndivyo ilivyokuwa. Roboti zilizokuwa zikimaliza njia nzima darasani zilitoka hatua mbili zikapotea. Kwenye sumo ilikuwa mbaya zaidi: roboti inaona weupe pande zote, inadhani imefika ukingoni, inarudi nyuma, inageuka, inaona weupe tena, inarudi tena, mpaka muda unakwisha bila kumgusa mpinzani. Watazamaji walicheka. Wanafunzi hawakujua tatizo ni jua. Walidhani ni wao. Tuliwakuta nyuma ya turubai wakifuta programu nzuri waliyoiandika kwa wiki nyingi na kuanza kuandika upya kwa haraka, wakiiharibu. Tulihangaika kufunika ubao kwa maboksi na khanga, na palipofunikwa vizuri roboti zikarudia akili zake, lakini jua linatembea na maboksi hayatembei.

Umeme nao uliletwa kwa waya mmoja wa ekstensheni kutoka ofisi ya jirani, uliogawanywa kati ya kipaza sauti, feni ya meza kuu na laptopu za timu zote. Ulipozidiwa ukakatika, na kilichorudishwa kwanza kilikuwa kipaza sauti.

3. Muda wa wanafunzi uliliwa na sherehe.

Ratiba tuliyoipeleka ofisini na kukubaliwa ilikuwa na raundi tatu kwa kila timu. Tatu si anasa. Hata kwenye FIRST LEGO League, mashindano ya roboti yanayochezwa na watoto katika nchi nyingi, kila timu huingia mezani mara tatu kwa dakika mbili na nusu kila mara, na alama inayohesabiwa ni iliyo bora. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kugusa roboti: waya unaweza kuchomoka, betri inaweza kulegea, tairi linaweza kukanyaga vumbi. Raundi ya kwanza inakuonyesha kosa, ya pili unalirekebisha, ya tatu unaonyesha ulichojifunza. Somo lote limo katikati ya raundi.

Mgeni rasmi alichelewa, ikaamriwa asisubiriwe na mtu mwingine isipokuwa wanafunzi. Zikafuata risala, utambulisho wa meza kuu, burudani, hotuba, kisha hotuba ya kushukuru hotuba. Raundi tatu zikawa moja. Wakati huo wote wanafunzi walikuwa wamepanga mstari juani, roboti zao zimewashwa kwa kuambiwa wakati wowote wataitwa. Seli moja ya betri ya lithiamu ikijaa ina takriban volti 4.2, kadiri inavyotumika volti zinashuka, na mota inazunguka polepole zaidi. Timu nyingi zinaandika kona kwa muda, yaani pinda kushoto kwa nusu sekunde. Betri ikichoka, nusu sekunde haitoshi kona. Kwa hiyo walipoitwa hatimaye, kipimo chao cha asubuhi kilikuwa hakifai tena, na nafasi ya kurekebisha hawakupewa.

Tunawaheshimu wageni wetu. Wanafunzi wanafurahi kuonwa na viongozi. Tunachosema ni kwamba kiongozi aje aone mashindano, na mashindano yawepo ya kuonwa.

4. Kombe lilitolewa kabla alama hazijajumlishwa.

Hili ndilo lililowafanya wenzangu wawili waniambie hawatarudi, na ni watu ninaowahitaji sana.

Mama yetu mhasibu alikuwa bado anajumlisha alama, karatasi za waamuzi zikiwa mbele yake, alipoambiwa mgeni rasmi ana safari na zawadi zitolewe sasa hivi. Alieleza kwamba hajamaliza. Akaombwa ataje timu "inayoelekea kushinda". Alikataa kutaja. Jina likatangazwa hata hivyo, kwa makisio ya mtu aliyekuwa jukwaani. Jumla ilipokamilika, timu iliyotangazwa ilikuwa ya tatu.

Ilibidi mmoja wetu aende shule ile wiki iliyofuata kuwaomba wanafunzi warudishe kombe ambalo tayari walikuwa wameshapiga nalo picha mstarini. Hawakuwa na kosa lolote. Na waliostahili walikabidhiwa ushindi wao kwenye ofisi ya mkuu wa shule, bila mzazi wala mwenzao kuwaona. Shule zote mbili zilidhulumiwa, na mpaka leo hakuna aliyewaomba radhi kwa niaba ya ofisi. Sisi tuliomba, lakini sisi hatukutangaza.

Tunawafundisha watoto hawa kwamba roboti haibembelezwi wala haitishwi. Ikiandikiwa vibaya itakosea hata mbele ya waziri. Halafu tunawaonyesha watu wazima wakitangaza jibu kabla ya hesabu.

5. Fedha za wafadhili hatujaonyeshwa.

Barua za kuomba udhamini zilitoka kwa jina la Halmashauri. Wafanyabiashara wa mji huu wakachangia fedha, maji na fulana. Simtuhumu mtu. Lakini mwenye duka akiniuliza mchango wake umefanya nini, sina cha kumjibu, na betri za ziada, tepu na karatasi za alama zilinunuliwa kwa mifuko yetu.

6. Hakuna anayetuchunguza sisi wenyewe.

Huenda ikashangaza kwamba hili tunalilalamikia. Tunakaa na watoto wa watu Jumamosi kutwa. Mwaka huu siku ya mashindano yeyote aliyevaa fulana ya kujitolea aliingia sehemu ya wanafunzi bila kuulizwa jina, na fulana ziligawiwa kwa aliyefika mapema. FIRST, taasisi ya mashindano yale niliyoyataja, iliyoanzishwa Marekani na Dean Kamen mwaka 1989, inaendeshwa na maelfu ya watu wa kujitolea kama sisi. Lakini kule mtu hakabidhiwi kazi ya kukaa na watoto kabla historia yake haijakaguliwa, na kila mmoja anapewa jukumu na mafunzo ya jukumu hilo. Sisi tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tunaomba majina yetu yakaguliwe, tupewe vitambulisho, na asiye na kitambulisho asiingie. Pia betri za lithiamu zikigusanishwa vibaya zinaweza kushika moto, na siku ile hapakuwa na ndoo ya mchanga wala kisanduku cha huduma ya kwanza mpaka fundi simu wetu alipotoa chake.

Najua majibu yanayoweza kutolewa, kwa kuwa mengine tumeshayasikia.

Itasemwa hakuna bajeti. Someni tena malalamiko yetu. Tarehe haina gharama. Barua ya ruhusa iliyosainiwa wiki nne mapema inatumia karatasi na wino uleule wa iliyosainiwa jana yake. Kumwacha mhasibu amalize kujumlisha hakumgharimu mtu shilingi. Katika yote sita, yanayohitaji fedha ni machache, na hayo tuko tayari kuyatafutia wafadhili kama hesabu zitabandikwa wazi.

Itasemwa roboti ni anasa wakati shule nyingine zina upungufu wa madawati na vyoo. Hoja hii tunaiheshimu, maana baadhi yetu tunafundisha katika shule hizohizo. Lakini hatujaomba dawati hata moja ligeuzwe roboti. Serikali yenyewe imeshaonyesha njia: ipo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, inayotaka mhitimu mwenye ujuzi wa kutenda, na yapo MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019. Mtoto atafikaje ngazi ya taifa ikiwa ngazi ya halmashauri inamkatisha tamaa chini ya turubai?

Itasemwa pia kwamba hakuna aliyetutuma, tumejitolea wenyewe, kwa hiyo tusilalamike. Hili ndilo linalouma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni kweli tumejitolea. Tunajitolea muda, ujuzi, vifaa na nauli. Lakini kibali cha mwanafunzi kutoka shuleni hatuwezi kukijitolea, kwa sababu si chetu. Tarehe kwenye kalenda si yetu. Funguo za ukumbi si zetu. Mamlaka ya kumwambia mshereheshaji asubiri alama hatuna. Vyote hivyo viko mikononi mwenu, na mtu wa nje hata ajitolee vipi hawezi kuvijaza. Miaka yote hii tumeziba kila pengo tulilofikia, na nahofia kwamba juhudi hizo zimewafanya mwone mambo yanakwenda.

Tunachoomba ni hiki. Tarehe ya mashindano iwekwe kwenye kalenda ya shule kabla mwaka wa masomo haujaanza, isigongane na mitihani ya utamilifu wala ya taifa, na ikishawekwa isisogezwe bila sisi kushauriwa. Barua za ruhusa zifike shuleni wiki nne kabla, zikianza kwenda shule za mbali. Tupewe ukumbi wenye kuta, mapazia na umeme, kwa maandishi, na kikao kikitokea, kikao ndicho kihamie kwenye turubai. Hotuba ziwe baada ya raundi ya tatu. Matokeo yatangazwe na mwamuzi mkuu baada ya karatasi kusainiwa, na mtu mwingine yeyote asiyaguse. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo za shule zilizoshiriki. Nasi tukaguliwe na kupewa vitambulisho.

Juu ya hayo, shule mbili zilizohusika na lile kombe ziandikiwe barua ya kuombwa radhi. Iwe na saini ya Afisa Elimu na isomwe mstarini, mbele ya wanafunzi wote.

Tunaomba jibu la maandishi kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Januari. Tuko tayari kuitwa siku yoyote ya kazi, na tutakuja na rasimu ya ratiba, orodha ya klabu na vipimo vya ukumbi unaofaa. Tusipojibiwa, hatutaendesha mashindano mengine kwa jina la Halmashauri, na barua za udhamini zisitaje kundi letu. Klabu hatutaziacha. Jumamosi tutaendelea kukutana na wanafunzi katika shule ambazo wakuu wake wanaturuhusu, na ile klabu ya wasichana ambayo haikufika, tutaifuata hukohuko ilipo, tukiwa na ubao, duara na waamuzi, ili roboti yao ishindane.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mratibu,
kwa niaba ya watu wa kujitolea wa mashindano ya roboti ya shule za sekondari

Nakala:
Kamati ya Baraza la Madiwani inayosimamia elimu
Wakuu wa shule zote za sekondari zilizoshiriki na zilizokosa kushiriki
Wazazi na walezi wa wanafunzi wa klabu za roboti